Dhamira ya Shangazi Chuma

Toleo la thelathini na moja lilizuia mazishi hapa Tabora, na kosa lilikuwa langu.

Nilimwandika Shangazi Chuma, mhusika wa katuni zangu, msibani kwa Wazaramo. Yeye ni Mnyamwezi, wao ni watani wake, kwa hiyo akafanya kama mtani afanyavyo: akalikamata jeneza mlangoni na kusema marehemu haondoki mpaka watani tupewe chetu. Wasomaji wa kwetu walicheka mpaka machozi. Lakini mikono ya chuma ya watu humsoma na kumfuata, nayo haijui utani. Wiki ile ile, pale Isevya, seremala mmoja alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la babu yao. Walipofika mlangoni mkono wake wa chuma ukalishika jeneza na kugoma kuliachia. Watu wakasimama juani saa nzima, shehe anatazama saa yake, kaburi limekwisha kuchimbwa, huku mimi nikiandika ukurasa wa nyongeza mbio mbio. Humo Shangazi Chuma aliachia na kusema, "Haya, nendeni naye salama." Mkono ukausoma ukurasa, ukaachia. Seremala yule hajanisalimia mpaka leo, na simlaumu.

Siku hiyo ndipo nilipoacha kujidanganya kwamba kazi yangu ni kuchekesha watu.

Mkono wa kampuni ya Nguvumpya hunyanyua tani moja. Mwenye mkono kama huo akikasirika sokoni, mtu anazikwa. Kwa hiyo sheria ikataka kila mkono uwe na dhamira ndani yake, kitu cha kuuzuia. Mainjinia walianza na kanuni. Waliandika "usiue", akina mama wakashindwa kuchinja kuku wa Idi. Wakaandika "usimuumize mtu", mikono ikakataa kumtoa mtoto mwiba kwa sababu mtoto alilia. Walihangaika miaka miwili, hadi mmoja wao, Injinia Pazi, alipoulisha mkono kitabu cha katuni alichokiokota kwa kinyozi. Katika katuni kuna kisanduku ambamo mtu anafanya jambo. Kuna kiputo cha maneno, anasema kwa nini. Halafu kuna kisanduku kinachofuata, na hapo jambo limezaa matokeo yake. Tendo, sababu, matokeo. Mkono ulielewa mara moja, kama mtoto anavyoelewa. Kitabu kile kilikuwa changu, na tangu hapo Nguvumpya hawakutaka kingine.

Sheria iliongeza masharti mawili. Dhamira iandikwe na mtu aliyesajiliwa kwa jina lake, si mashine. Na isikae zaidi ya wiki mbili bila toleo jipya; ikipitiliza, mkono unajifunga na kuning'inia. Basi kila wiki mbili, Ijumaa saa sita mchana, mikono elfu kumi na tisa ilimsoma Shangazi Chuma kwa pamoja, nami nimekaa ofisini natafuna matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, kichwa kimenivimba. Sikatai, kilinivimba. Nilikuwa natengeneza watu wema kwa maelfu, na nilijiona kama mtu anayepaswa kupishwa njiani.

Miwili kati ya mikono hiyo ilikuwa ya mdogo wangu, Mihayo. Ya kuzaliwa nayo ilikuwa mizima kabisa. Aliikata kwa hiari yake ili apate kazi ya kupakia mabehewa kwenye yadi ya reli, na mama alilia siku saba kama aliyefiwa.

*

Injinia Pazi alikuja Jumanne asubuhi, tukiwa tunaanza toleo la themanini na nane. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la asali: meza yangu, meza ya Ngelela anayechora, na birika. Pazi ni Mzaramo, hawezi kuingia kwetu bila kuchokoza.

"Wapagazi, hamjambo? Mzigo wa leo unakwenda wapi?"

"Hatujambo, mcheza ngoma," nikamjibu. "Leo kwenu hakuna mwali wa kutolewa, mpaka umekosa pa kwenda?"

Kwa kawaida hapo tungeendelea mpaka chai ipoe. Siku hiyo haikuwa hivyo. Alikaa, akatoa karatasi mfukoni, akaisukuma mezani bila kuniangalia.

Makao makuu ya Nguvumpya walitaka visanduku vitatu. Cha kwanza, Shangazi Chuma amechoka, anataka kuweka mzigo chini. Cha pili, msimamizi anamwambia, "Endelea." Cha tatu, anaunyanyua mzigo tena huku akisema, "Anayeniongoza ndiye anayejua."

Niliisoma mara mbili. Ngelela aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu, na ndiye aliyesema kwanza.

"Yaani mkono utamsikiliza msimamizi kabla ya mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Pazi.

"Na mwenyewe akikataa?"

"Atakataa. Mikono itaendelea kubeba, naye ataifuata, maana imeungwa mabegani mwake."

Sababu niliijua, mji mzima uliijua. Wapakiaji wa yadi walikuwa wametangaza kwamba kuanzia Jumatatu, zamu yao ikiisha saa nane mchana, wataacha kazi. Hawataunganishwa tena na zamu ya pili kama walivyofanywa mwaka mzima. Wawili walikuwa wameanguka kwa uchovu mwezi ule, mikono ikiwa bado imeshikilia makasha.

"Na mimi nikikataa?" nikauliza.

"Basi hakuna toleo. Ijumaa saa sita mikono yote inajifunga, ya wapakiaji na ya wasio wapakiaji. Kumsajili mwandishi mwingine ni miezi mitatu." Pazi alikuna shingo. "Wamesema wao hawana haraka."

Nikamfikiria Mihayo miezi mitatu bila mikono, akilishwa na kuogeshwa. Nikawafikiria na wengine ambao hawana hata dada. Nilimtukana Pazi matusi ambayo hata utani hauyaruhusu, naye akayapokea yote akiwa ameinama.

*

Mchana nilikwenda kwa Mihayo, mtaa wa Ng'ambo. Nilimkuta barazani akibambua karanga. Vidole vile vinavyokunja nondo vilikuwa vinapasua ganda la karanga bila kuichubua punje. Nilimweleza kila kitu. Sikuona kwa nini nimfiche, mikono ni yake.

Hakushtuka. Alipepeta maganda kwenye ungo, akawaza, kisha akatabasamu kama mtoto aliyepata wazo la utundu.

"Dada, si wewe ndiye mwandishi? Waandikie kisanduku cha kwanza na cha pili kama wanavyotaka. Cha tatu, Shangazi Chuma amzibue msimamizi kofi."

"Mihayo!"

"Kofi moja tu. Jumatatu saa nane Zakayo anasimama na spika yake, anasema endelea, mikono mia mbili inamjibu. Atatukumbuka maisha yake yote."

Nataka niseme ukweli hapa: nilipenda. Nilichukua kalamu pale pale barazani, nikakiandika kisanduku cha tatu, na tangu nianze kazi hii sijawahi kuandika kitu kitamu kama kile. Nilimwona Zakayo, msimamizi wa yadi, akiruka kofia upande na viatu upande. Nilimsomea Mihayo, tukacheka mpaka jirani akachungulia.

"Utafurahi?" nikamuuliza nikijifuta machozi.

"Nitafurahi sana."

"Na kama siku hiyo ukimwangalia usoni ukaona hutaki kumpiga?"

"Nitampiga tu," alisema Mihayo, akitupia karanga mdomoni. "Si utakuwa umeandika?"

Alisema hivyo kwa furaha tele, bila kinyongo chochote. Mimi nikaacha kucheka. Zaidi ya miaka mitatu nilikuwa nimemwandika Shangazi Chuma awaachie wezi waliokimbia, awapishe wazee, asinyanyue mkono kwa hasira. Nilimwona Mihayo akifanya hayo yote nikajisifu kwamba mdogo wangu amekuwa mtu mwema. Kumbe wema ule ulikuwa wangu, yeye alikuwa anaubeba tu kama anavyobeba makasha. Nikaichana ile karatasi. Mihayo akanishangaa, akasema waandishi wote wana wazimu, akaniongezea karanga.

*

Jumatano nilimwita Pazi. Nilimtengea chai na sikumchokoza, jambo ambalo lilimtia wasiwasi.

"Nieleze kitu kimoja," nikamwambia. "Mkono usipoelewa hadithi, unafanya nini?"

Aliinua macho darini, na sauti yake ikarudi ile ya kila siku.

"Ninyi Wanyamwezi mna maneno mengi, ndiyo maana mlikuwa mnaimba njia nzima kutoka huku mpaka pwani. Matoleo themanini na saba, kila kiputo umekijaza mpaka pembeni. Mkono haujawahi kukosa sababu, basi haujawahi kuwa na haja ya kuuliza."

"Kumuuliza nani?"

"Mwenyewe. Tuliuwekea hilo siku ya kwanza. Ukiona tendo lakini hauoni sababu, unamtikisa mwenyewe begani mara mbili, kisha unamsubiri aamue." Akamalizia chai, akasimama. "Mimi nimekuja kunywa chai tu. Tena haina sukari."

Alipotoka, mimi na Ngelela tulitazamana. Ngelela ni mtu wa maneno machache. Alivuta karatasi mpya, akapiga mistari ya visanduku, na katika kila kisanduku akachora kiputo kikubwa, cheupe, kisicho na kitu.

"Lakini cha tatu bado kina tatizo," alisema. "Nikichora mikono inanyanyua mzigo, hilo tayari ni tendo na tayari lina jibu. Nikiichora inaushusha, ni hivyo hivyo."

"Basi usiichore mikono."

"Shangazi Chuma bila mikono?"

"Chora uso peke yake. Mikono ibaki nje ya kisanduku."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuchora. Mimi nikapitia matoleo yote themanini na saba, moja baada ya jingine, nikitafuta kila mahali nilipowaamulia watu. Mwizi sokoni. Mlevi anayetukana. Mume anayerudi na kosa lake. Ugomvi wa mipaka ya shamba. Tulipata matukio ya kujaza kurasa kumi na sita, na kila tukio tulilichora upya likikatika pale pale ambapo mtu anatakiwa kuamua, na kiputo kitupu juu yake.

Alhamisi asubuhi Ngelela aliweka penseli chini. "Dada Nyamizi, kuna mtu mmoja kati ya wenye mikono hiyo elfu kumi na tisa anataka kuua. Mkono utamuuliza, naye atasema ndiyo."

Nilizunguka chumba, nikachemsha chai nikasahau kuinywa. Niliogopa, na bado naogopa hadi leo ninapoandika haya. Lakini kila nilipochukua kalamu nijaze hata kiputo kimoja, kile cha mauaji tu, nilimsikia Mihayo akisema, si utakuwa umeandika. Leo nitajaza hiki kwa nia njema. Mwakani mtu atakuja na karatasi yake, naye atakuwa na nia yake.

"Ngelela, mkono wako wa nyama huwa unakuuliza?"

"Hapana. Unatangulia tu."

"Huu utamuuliza mara mbili kabla. Akishasema ndiyo mara mbili, hapo ni yeye na polisi, na mahakama, na Mungu wake, kama sisi wengine. Mtu asiyeweza kukosea hata akitaka, tutamsifu kwa lipi?"

Ngelela akaokota penseli.

Ijumaa saa tano na nusu Pazi alikuja kukagua. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba picha zinasomeka na mkono, kisha kugonga muhuri. Aligeuza kurasa kumi na sita polepole, uso wake hauoneshi kitu. Alipofika kwenye vile visanduku vitatu vya makao makuu, alikaa.

"Shangazi Chuma amechoka, yupo," alisema. "Msimamizi yupo. Cha tatu nacho kipo."

"Kipo."

"Mimi sikuajiriwa kusoma maneno. Nimeajiriwa kuangalia kama picha zinasomeka." Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka birika likacheza. "Zinasomeka. Sasa mnitafutie kazi ya kubeba mizigo, maana nyingine nadhani sina tena."

*

Jumatatu saa nane kasorobo mimi na Ngelela tulikuwa kwenye uzio wa yadi, pamoja na nusu ya mji. Wake wa wapakiaji walikuwepo, wauza mahindi walikuwepo, hata seremala wa Isevya nilimwona, akajifanya hakuniona.

Ndani, wapakiaji mia moja walikuwa wanapanga marobota ya tumbaku kwenye mabehewa. Zakayo alisimama juu ya jukwaa la mbao, spika mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa chuma pia, wasimamizi wote walipewa. Makao makuu walikuwa wanamwangalia kupitia kamera na kumsemesha sikioni. Kwao, mambo yote yalikuwa yamekwisha tangu Ijumaa.

King'ora kikalia. Saa nane kamili.

"Endelea!" Zakayo alipaza sauti. "Hakuna kushuka! Zamu ya pili inaanza, endelea!"

Mihayo alikuwa na robota kifuani. Nilimwona mabega yake yakitikisika, moja, mbili. Nikaona mabega ya aliyekuwa nyuma yake, na ya mwingine, hadi mwisho wa behewa la mwisho. Wanaume na wanawake mia moja walisimama na mizigo yao kama watu walioitwa majina na mtu wasiyemtarajia. Mimi nilikuwa nimeshika waya mpaka ukanikata.

Mihayo akaanza kucheka. Zaidi ya miaka mitatu mikono ile ilikuwa haijawahi kumuuliza kitu. Aliinama, akaliweka robota chini taratibu, akasimama wima, akajipangusa.

Kisha wa pili. Kisha marobota yakawa yanatua yadi nzima, puu, puu, puu, na vumbi la tumbaku likapanda mpaka tukaanza kupiga chafya huku uzioni. Mwanamke mmoja kando yangu akapiga kigelegele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusikia lolote.

Isipokuwa Zakayo, ambaye bado alikuwa na sauti sikioni. Nilimwona akitikisa kichwa kukubali amri, akainua spika tena. Bega lake la kulia likatikisika mara mbili. Akaugeukia mkono wake. Nadhani alikuwa amesahau kwamba na yeye atasomewa hadithi ile ile. Alisimama hivyo, mdomo wazi, spika hewani, na mji mzima ukimtazama. Halafu akainama, akailaza spika juu ya mbao, akakitoa kile kidude sikioni na kukitia mfukoni.

Alishuka ngazi. Mihayo alikuwa anamsubiri chini.

Kelele zikafa. Wote tulijua mwaka ule Zakayo alikuwa amewafanya nini watu wale. Mihayo akasogea hatua moja, na mabega yakamtikisika mara mbili, tena mara mbili. Niliona mkono wa kulia umeinuka nusu, ukisubiri. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa la kusema, kwa kuwa kila neno ambalo ningesema lingekuwa langu.

"Hapana," alisema Mihayo. Alisema kwa sauti, akiliambia bega lake mwenyewe, kama mtu anayemkatalia mtoto. Kisha kwa Zakayo: "Zamu imekwisha, bwana. Twende nyumbani."

Sina namna ya kueleza shangwe iliyofuata. Uzio ulianguka. Wauza mahindi waligawa mahindi bure. Ngelela, asiyesema, aliimba. Baadaye Nguvumpya walikwenda mahakamani, wakashindwa, maana sheria ilitaka dhamira iandikwe na mtu, haikumkataza kuacha nafasi. Na ndiyo, wako wenye mikono ya chuma waliopigana baa mwezi uliofuata, wakalala rumande kama wapiganaji wengine. Pazi alifukuzwa kazi siku ile ile, na sasa anajibu barua za wasomaji wetu, vibaya sana.

Lakini siku hiyo Mihayo alikuja moja kwa moja hadi niliposimama. Alifika karibu, akasita, mabega yakatikisika. Hapo ndipo nilipokumbuka tukio moja tulilolichora upya kwa haraka bila kumfikiria yeye. Katika toleo la kumi na mbili, rafiki alimjia Shangazi Chuma mikono wazi, naye akarudi nyuma na kusema, "Chuma hakikumbatii mtu." Niliogopa mbavu za watu. Niliandika mstari mmoja nikaona nimefanya la busara, nikaenda kula. Miaka yote hiyo mdogo wangu hakuwahi kumkumbatia mama, wala mimi, wala mchumba wake, na hakuwahi kuniuliza. Alidhani nina sababu.

Akanikumbatia. Alinibana mpaka nikaona nyota mchana.

"Mbavu!" nikapiga kelele. "Mihayo, mbavu zangu!"

Akalegeza kidogo, akaendelea kunishika. Hakuna aliyekuwa amemwandikia alegeze.